Paa Lisilo na Tundu

Kivikangas, Michigan
Jumapili, 3 Desemba 1978

Mdogo wangu Urho,

Mko salama huko Detroit? Wifi yangu Wanda anaendeleaje na mgongo wake? Mwambie Marlene kwamba shangazi yake ameipata picha, na kidevu ni cha Mama kabisa, pole yake. Sisi hatujambo. Mama anakula, anasali, na anagombana na redio. Jana alimaliza vipande vitatu vya mkate wa iliki, kisha akaniambia sikutia iliki. Ana miaka themanini na miwili na ulimi bado wembe.

Theluji imekuja mapema. Upande wa barabara imeshafika madirishani, na Desemba ndiyo kwanza inaanza. Jirani yetu Onni Rautio anasema mwaka huu tutatokea darini kwenda kanisani. Unamjua Onni, kila mwaka anasema hivyo. Mwaka huu hakucheka.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae niandike. Kwanza ahsante tena kwa kazi ya kiangazi, paa jipya na hii sauna ya kuogea mvuke ndani ya nyumba. Magoti ya Mama yalipokataa kumvusha uani hadi sauna ya zamani, nilidhani Jumamosi zake zimekwisha. Sasa anapiga hatua kumi na mbili kutoka kitandani kwake, anapanda benchi, anamwagia mawe ya moto maji, anajipigapiga na vihta yake, lile fungu la matawi alilolikata mwenyewe kwa mdomo, maana aliniamrisha kila tawi la kukata. Anatoka mwekundu, anadai kahawa. Hilo umelifanya wewe, siwezi kukunyima.

Lakini leo asubuhi dari ya chumba chake imeanza kudondosha maji, juu ya kitanda, upande wa miguuni. Nimetega sufuria. Nimetoka nje nikatazama: ukingoni mwa paa, juu ya dirisha lake, kuna ukuta wa barafu mnene kama paja langu, na nyuma yake maji yametuama, hayana pa kwenda. Paa la marehemu Baba lilikuwa bovu, sawa, lakini halikuwahi kutufanyia hivi. Nifanye nini? Nijibu upesi.

Dada yako,
Saima


Detroit
19 Desemba 1978

Dada Saima,

Salamu kwako na kwa Mama, na Krismasi njema kama barua hii itawahi. Wanda amelala na mafua. Marlene amepata sehemu ya kuimba kanisani, basi nyumba nzima tunaamshwa na nyimbo. Mimi nafanya zamu mbili kiwandani, ndiyo maana nimechelewa.

Kuhusu paa. Dada, paa lile nimelitandaza kwa mikono hii siku kumi na nane. Nilimwambia Onni na kila aliyesimama barabarani kutazama: hili ni paa lisilo na tundu. Ukitoa dohani ya matofali ya Baba na yale masanduku mawili ya kutolea hewa kileleni, hutapata penye upenyo wa msumari. Kwa hiyo usianze kulilinganisha na la Baba, lililokuwa likivuja kila Aprili na sote tukihamishia vitanda jikoni.

Nikueleze jinsi mambo haya yanavyokwenda. Joto likipanda darini, linayeyusha theluji kutoka chini. Maji yanateremka hadi ukingoni, ambako hakuna joto, yanaganda. Yanayofuata yanakuta ukuta, yanarudi nyuma, yanapenya chini ya vigae. Dawa yake ni dari kuwa baridi kama nje. Hewa baridi iingie chini, kwenye matundu ya upenuni, itoke juu kwenye masanduku. Ndiyo maana niliacha matundu kumi na manane kuzunguka upenu wote, na ule mlango mdogo wa kupandia darini nikauziba na kuupaka rangi, joto la chumbani lisipande.

Sasa nijibu wewe. Matundu ya upenuni yako wazi? Kuna mtu ameyagusa? Na je, unaivuta theluji? Reki ndefu niliitundika bandani. Unasimama chini, huhitaji ngazi, unavuta futi nne za kwanza kila inapoanguka. Ukibaki jikoni na kikombe cha kahawa, theluji haitashuka kwa aibu.

Mdogo wako,
Urho


Kivikangas
Jumapili, 7 Januari 1979

Urho,

Tumeupokea mwaka salama. Mama anashukuru kwa kalenda, ingawa anasema picha ya Januari ina mitende na anaona ni kejeli. Ameanza kufuma zulia jipya la matambara kwa ajili ya Marlene. Onni anakusalimu. Mimi nimerudi jikoni shuleni, watoto mia na arobaini wanataka supu, na hakuna hata mmoja anayependa karoti.

Kikombe cha kahawa, umesema? Nisikilize vizuri. Naamka saa kumi na moja alfajiri. Naondoa theluji mlangoni, kwenye njia na kwenye bomba la mafuta. Kisha naichukua reki yako nzuri na kuvuta futi zako nne huku theluji ikinimwagikia shingoni mpaka kwenye sidiria. Kisha naenda kuwapikia watoto wa watu. Narudi, naanza upya. Mikono yangu haifungi tena vizuri. Unaniambia habari za kukaa jikoni, wewe ambaye theluji ya Detroit inaondolewa na manispaa!

Na bado inavuja. Wiki hii sufuria tatu. Mbili za kupikia na ile kubwa ya samaki.

Onni alikuja na dawa yake. Eti unachukua soksi ndefu ya kike, unaijaza chumvi ya barabarani, unailaza juu ya ukuta wa barafu, inachimba mfereji maji yapite. Soksi ndefu za kike katika nyumba hii ni za Mama tu, zile za kahawia. Basi ziko juu ya paa jozi mbili, zimelala zimenyoosha miguu, na kila anayepita kwenda kanisani anapunguza mwendo. Mchungaji amejifanya hajaziona. Mama amesema, "Miaka sitini nimeficha miguu yangu, leo mwanangu ameianikia kijiji kizima." Alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Zinasaidia siku mbili, kisha panaganda tena.

Jambo lingine nimeligundua. Inavuja Jumapili. Jumatatu inazidi, Jumatano inakauka, Jumapili inaanza tena. Wiki tano mfululizo, nimeandika kwenye kalenda yako ya mitende na ile iliyoitangulia. Jumamosi tunawasha sauna, Jumapili maji yanatoka darini. Onni aliposikia akakuna kichwa, akauliza, "Hivi lile bomba la kutolea mvuke wa sauna, Urho alilitokeza wapi?" Nikamwambia juu ya paa, bila shaka. Akasema, "Juu wapi? Mbona mimi nimelizunguka paa zima na sioni bomba?"

Basi nakuuliza mimi. Bomba la mvuke linatokea wapi?

Saima


Detroit
30 Januari 1979

Dada,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Wanda amepona. Marlene aliimba, akasahau ubeti wa tatu, akaurudia wa pili kwa ujasiri mkubwa na hakuna aliyetambua. Kiwandani wanasema watapunguza watu, lakini hilo wanalisema kila Januari. Nimebadilisha betri ya gari. Hapa pia kuna baridi kali mwaka huu, usidhani tunaota jua.

Nimefikiria sana suala lenu. Mimi naona tatizo ni yale masanduku mawili ya kileleni. Kwa theluji unayoieleza lazima yamefukiwa, na yakifukiwa hewa haina pa kutokea. Mwambie Onni ayafukue kwa ufagio wa mpini mrefu, taratibu, asipige kwa beleshi. Mwakani nitayainua kwa shingo ya futi tatu. Na chonde chonde, mtu asiuguse ule ukuta wa barafu kwa shoka. Utavunja vigae, kisha hata kiangazi patavuja.

Hukunijibu kuhusu matundu ya upenuni. Nimeuliza barua iliyopita, nauliza tena. Yako wazi?

Huu ujinga wa Jumapili usiutilie maanani. Nyumba zina tabia zake. Mkiona vipi, pumzisheni sauna wiki mbili tatu mpaka baridi ivunjike.

Mdogo wako,
Urho


Kivikangas
Jumatatu, 12 Februari 1979

Urho,

Mama ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu ukisoma yanayofuata utadhani vingine.

Jana saa tano asubuhi tulikuwa jikoni, tumetoka kanisani, Mama hajavua hata kofia. Tukasikia kishindo. Dari ya chumba chake imeanguka. Si matone, dari yenyewe, mbao na sufi ya kuzuia baridi na maji meusi na barafu, vyote juu ya kitanda, upande wa mto. Pale anapoweka kichwa, Urho. Kama mchungaji angehubiri kifupi, kama Mama angeamua kujinyoosha kidogo kabla ya kahawa kama anavyofanya kila Jumapili, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Mama alisimama mlangoni akatazama. Akasema, "Haya. Sasa nalala wapi?" Analala jikoni, kwenye benchi, kama enzi za paa la Baba ulilolicheka.

Unaniambia tupumzishe sauna. Umemwambia nani? Mama aliyezaliwa ndani ya sauna, aliyetuzaa wewe na mimi ndani ya sauna, aliyemwosha Baba pale kabla hajazikwa! Nilimsomea maneno yako. Akasema, "Mwambie aniachie Jumamosi yangu. Sijamwomba kitu kingine." Kweli hajaomba. Tangu uondoke hajakuomba chochote ila hiyo sauna.

Na shoka nimelitumia. Ndiyo. Nimepiga ile barafu Jumapili hiyohiyo jioni mpaka nikaishiwa pumzi, na vigae vyako viwili vimeruka navyo, na nilifurahi kuviona vikiruka. Niandikie barua kuhusu hivyo viwili ukitaka.

Sasa sikiliza. Dari ikiwa wazi, Onni alipanda juu ya kabati na tochi, akaingiza kichwa darini. Alikaa huko kitambo. Aliposhuka alinieleza alichokiona. Nami sitakuandikia alichokiona. Nataka ukiandike wewe. Nimekuuliza swali moja tarehe saba Januari, ukanijibu kuhusu betri ya gari. Nauliza tena, kwa maneno yaleyale: bomba la mvuke linatokea wapi?

Usiniandikie kuhusu Wanda. Usiniandikie kuhusu nyimbo. Andika hilo tu.

Saima


Kivikangas
4 Machi

Urho

Naandika kwa mkono wa kushoto. Vumilia mwandiko.

Wiki tatu hujajibu.

Tarehe 22 nilianguka kutoka kwenye ngazi. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili na bega limetoka. Onni ndiye aliyenikuta. Alisema, "We Saima, nilikwambia shuka, sasa nani atanipikia pasti za nyama?" huku analia. Mzee mzima.

Siwezi kumnyanyua Mama. Siwezi kumvua wala kumvika. Binti wa mchungaji alisaidia siku nne, ana watoto wake. Basi Mama yuko mjini, kwenye nyumba ya wazee. Walimchukua Alhamisi. Alikwenda na vihta moja kwenye mkoba. Hakulia, alinitazama tu.

Nilikwenda kumwona Ijumaa kwa gari la Onni. Ni wema, kusema kweli. Pana joto, chakula kizuri. Wanawaogesha Jumanne, kwenye beseni kubwa, msichana mmoja na sifongo. Mama alinivuta sikio karibu. Akasema, "Saima, mimi ni mchafu." Sijawahi kumsikia akisema neno hilo juu yake mwenyewe. Vihta ipo chini ya mto. Imekauka, majani yanapukutika kwenye shuka na wanamgombeza.

Nimechoka kukuchukia lakini naendelea.

S.


Detroit
15 Machi 1979

Dada Saima,

Sianzi na habari za huku.

Bomba la mvuke haliendi popote. Linapanda ukutani kutoka sauna, linaingia darini, linaishia hapo, juu ya chumba cha Mama. Nililikata futi moja juu ya sufi na kuliacha wazi.

Nilikuwa nimeshamaliza paa. Vigae vyote vimekaa, mstari umenyooka, nilisimama barabarani nikaliangalia na kwa mara ya kwanza maishani nikaona kitu nilichokifanya ambacho Baba asingekitia dosari. Ndipo Mama akaomba sauna ya ndani. Niliijenga kwa siku tisa. Siku ya mwisho likabaki bomba. Nilipanda na msumeno na kipimo, nikachora duara la penseli kwenye kigae, nikakaa kando yake karibu saa nzima. Nikashindwa kulitoboa. Nilikuwa nimewaambia watu wote. Nikajiambia dari ni kubwa, hewa inapita, mvuke kidogo wa Jumamosi utapotea wenyewe. Nikashuka, nikaziba ule mlango wa darini, nikaupaka rangi mara mbili. Ile rangi ya pili ilikuwa ya nini? Unajua ilikuwa ya nini.

Duara la penseli liko palepale. Ukifukua theluji upande wa kusini, kigae cha nne kutoka kileleni, utaliona.

Uliposema Jumapili, nilijua. Nilijua barua ikiwa bado mkononi, nimesimama kwenye ngazi za mlangoni. Nikaandika kuhusu betri. Barua yako ya Februari niliificha kwenye kisanduku cha zana, nikaenda kazini. Wanda aliikuta. Hajanisemesha tangu Jumatatu, na amefanya vyema.

Mkono wako umeuvunja kwa sababu yangu. Ulikuwa unapanda kuvunja barafu ambayo ni mimi niliyeitengeneza. Mama yuko mle kwa sababu yangu.

Umwambie Mama au usimwambie, shauri lako. Mimi sina uso wa kumwambia.

Urho


Kivikangas
Jumapili, 25 Machi 1979

Mdogo wangu Urho,

Salamu. Naanza vizuri leo, maana nimepata barua yako na nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliirusha ukutani. Haikuenda mbali, nimeirusha kwa kushoto.

Habari za huku: theluji imeanza kuzama, nguzo za uzio zinaonyesha vichwa. Onni ametandika turubai juu ya chumba cha Mama. Soksi za Mama zimeonekana tena, tatu upenuni, moja imeteleza hadi kwenye ua wa mchungaji, naye ameirudisha ndani ya bahasha, bila neno.

Bado nina hasira na wewe, usidhani karatasi moja imeimaliza. Miezi mitatu umeniacha navuta theluji kwa reki huku ukijua. Umenipa mafunzo ya hewa baridi na hewa moto kama vile mimi ndiye niliyetia joto darini. Ningekuwa na mkono mzima ningekuandikia kurasa kumi za hayo peke yake.

Lakini kuna swali lako ambalo mimi pia nililipita. Uliliuliza mara mbili. Hapana, matundu ya upenuni hayakuwa wazi. Niliyaziba Novemba, yote kumi na manane. Upepo wa ziwani ulikuwa unaingiza theluji laini hadi darini, nikiisikia ikichakacha usiku, na Mama alilalamika kwamba miguu inapata baridi. Nikaona umeacha nyumba imejaa matundu kama mjinga. Nikafungua sanduku la nguo za Baba, nikachukua fulana zake za sufu za mgodini na zile suruali ndefu za ndani, nikazikata vipande, nikavisokomeza kimoja kimoja. Ulipoandika mara ya kwanza kwamba yawe wazi, niliikunja barua nikairudisha kwenye bahasha. Sikukujibu, kwa sababu ungesema yote ni makosa yangu na usingeangalia bomba lako tena. Na kwa sababu niliona aibu. Chagua.

Tarehe 22 sikuwa napanda kuvunja barafu. Nilikuwa napanda kuyatoa matambara ya Baba kabla hujaja ukayakuta. Nilikuwa nimeshatoa kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa limegandia, nikalivuta kwa nguvu zote, likatoka, nami nikaenda nalo. Onni alinikuta nimelala kwenye theluji nimeshika mguu wa suruali ya Baba. Nilimwapisha asimwambie mtu. Kwa hiyo ule mstari wako kuhusu mkono wangu, ufute.

Jana nilikwenda kwa Mama. Nilikuwa nimepanga nisimwambie chochote, wala chako wala changu. Aliniuliza, "Paa langu lina nini?" Nikasema, "Theluji, Mama. Mwaka huu imezidi." Akanitazama vile anavyotazama.

"Theluji haina mikono," akasema. "Nguo za baba yenu zimetoka sandukuni tangu Novemba. Mimi ni mzee, si kipofu. Na yule mwingine ameliacha bomba lake juu ya kichwa changu."

Nikamuuliza amejuaje habari za bomba, maana Onni ameapa hajasema.

Akaniambia hivi, Urho, nami nakuandikia neno kwa neno. "Tangu Septemba. Kila Jumamosi nikishalala, harufu ya vihta inanishukia kutoka darini. Majani mabichi kabisa, mpaka karibu na asubuhi. Sijalala vizuri hivyo tangu baba yenu afe. Nilidhani Urho ameniwekea makusudi. Nikasema moyoni, yule mtoto hajui kusema kitu kizuri kwa mdomo, kwa hiyo amekisema kwa bomba. Dari ilipoanza kuvuja nikafikiri nikisema, mtaliondoa. Nikanyamaza."

Hapo nilitoka nikasimama koridoni. Yule msichana wa sifongo akaniletea kiti.

Nimekuandikia haya si kukufariji. Yakuume kama yalivyoniuma mimi. Sote watatu tulijua kipande chetu, tukakikalia, na dari ikatuangukia.

Sasa mambo yenyewe. Kiwanda chenu kitafungwa Ijumaa Kuu, hilo nimelisoma gazetini. Njoo Jumatano kabla yake. Bomba lipite kwenye paa, litoke nje, lifunikwe kichwa vizuri, na lisimame juu kuliko theluji ya mwaka huu. Onni ataweka alama kwenye dohani mahali theluji ilipofika. Matundu ya upenuni uyawekee wavu wa kuzuia theluji ya upepo, kwa sababu nikisikia inachakacha tena nitayaziba tena, najijua. Yaliyobaki na matambara ni sita, utayatoa wewe. Usiyatupe. Mama anayataka kwa zulia la Marlene.

Jumamosi ya Pasaka nitawasha sauna saa nane mchana. Onni atamleta Mama kwa gari lake hadi barabarani mbele ya nyumba. Amesema hatashuka mpaka auone mvuke ukitoka juu ya paa lako, kwa macho yake, na akuone wewe umesimama chini yake. Nilimwambia labda utakuwa umeshaondoka, kwamba kazi, kwamba zamu. Akasema, "Basi nitakaa garini."

Na ninajua atakaa.

Duara lako nimeliona. Onni alifukua hapo jana, akaniita. Penseli bado imekolea. Njoo na msumeno. Ngazi iko palepale nilipoanguka.

Dada yako,
Saima